Hapana ya Irine

"Irine, nakuuliza na nitakubali utakachosema. Bado unanitaka?"

Maroa alisimama katikati ya sebule ya Risper, dada yake Irine, pale Rangwe, kofia mkononi, mafuta ya gari bado yako kwenye kucha. Alikuwa ametoka Isebania alfajiri kuja kuuliza swali hilo moja.

Irine alivuta pumzi. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kifua chote, lilihitaji mlango tu.

"Hapana," mdomo ukasema.

Mwenyewe akashtuka. Akatikisa kichwa kwa nguvu ili alifute lile neno, kumbe kutikisa kichwa ndiko kulikolipigilia msumari.

"Hapana?" Maroa aliuliza polepole.

"Hapana! Hapana, hapana!"

"Basi, basi. Nimesikia. Usijichoshe."

Alivaa kofia, akainama kidogo kama anayetoka kanisani, akaondoka. Irine alijaribu kuinuka, mguu wa kulia ukakataa. Akaipiga meza kwa mkono wa kushoto hadi vikombe vikaruka. Dada yake Risper alikuja mbio kutoka jikoni.

"Pole, nyamera, dada yangu. Nimesikia yote. Umefanya vizuri kumwachilia. Mwanamume hawezi kufungwa na ugonjwa wa mtu."

Irine alimkodolea macho. Kisha akageukia ukuta.

Na huyu alikuwa mwanamke ambaye mdomo wake ndio ulikuwa umejaza hoteli yake sokoni. Watu walikuja kula samaki, lakini walirudi kwa sababu ya utani wake. Maroa mwenyewe alinaswa hapo. Alikuwa ameitwa kutengeneza lori lililokwama barabara ya Homa Bay, akaingia kula, akala kimya hadi Irine akamfuata mezani.

"Wewe fundi, huongei?"

"Ningeongea, lakini hujaniachia nafasi."

Hoteli nzima ilicheka. Mwaka mmoja baadaye, Mkuria huyo mkimya na Mjaluo huyo wa maneno mengi walikuwa wamepanga posa ifanyike Agosti. Kisha mwezi wa tatu, Irine akiwa anakoroga ugali, mwiko ulimtoka mkononi. Alitaka kumwita mpishi wake, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Kiharusi.

Alitoka hospitalini akitembea kwa fimbo, lakini maneno yalibaki huko. Akitaka maji, alisema "kiatu." Akitaka kulala, alisema "kiatu." Wageni walimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi, wengine wakamsemea mbele yake kana kwamba hayupo.

"Maskini, akili imekwenda."

"Na alivyokuwa mcheshi!"

Alisikia kila neno. Alielewa kila neno. Ikafika mahali akisikia hodi anaingia chumbani na kufunga mlango.

Siku tatu baada ya Maroa kuondoka, ujumbe uliingia. Risper alimsomea: "Nimeheshimu neno lako, Irine. Mungu akuponye. Sitakusumbua tena."

Irine aliishika simu kwa mkono wa kushoto. Herufi zilimkimbia kama siafu waliomwagiwa maji moto. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishowe akaitupa simu kitandani, na tangu siku hiyo akawa anasukuma sahani ya chakula.

Wiki mbili za namna hiyo zilimtisha Risper. Alisikia kuna kliniki mjini Homa Bay ambako mtaalamu wa matamshi huja mara moja kwa mwezi. Akamvuta Irine nusu kwa nguvu.

Mtaalamu aliitwa Nyaboke. Risper alipoanza kueleza, alimzuia kwa tabasamu.

"Nitakusikiliza, mama. Lakini kwanza naongea na mwenyewe. Irine, samahani kwa swali hili. Wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo," Irine akajibu.

Risper alifunika uso. "Si unaona? Akili…"

"Ngoja." Nyaboke aliweka picha mbili mezani, mwanamume na mwanamke. "Nionyeshe wewe ni yupi."

Irine alimgusa mwanamke papo hapo, kisha akamtazama Nyaboke kwa jicho la mtu aliyeulizwa upuuzi. Nyaboke akacheka.

"Akili yake ni nzima kabisa. Ugonjwa umegonga sehemu ya ubongo inayopanga maneno. Anajua anachotaka kusema, ila akinyoosha mkono kuchukua neno, anachukua la jirani. Ndiyo na hapana hubadilishana sana. Usiuamini mdomo peke yake. Mpe picha, mpe kidole, mtazame machoni. Na umpe muda."

Risper aliondoa mikono usoni. Kisha akageuka taratibu.

"Nyamera. Siku ile Maroa alipokuuliza…" Alinyoosha kidole gumba juu. "Ulitaka kusema hivi?" Akakigeuza chini. "Au hivi?"

Irine alikishika kidole cha dada yake akakirudisha juu. Akakishikilia hapo. Machozi yalimtoka yote aliyokuwa ameyaficha ukutani.

"Nisamehe," Risper alisema, naye analia. "Nisamehe, mwana wa mama. Nilikupongeza nikidhani nakufariji."

Walipotoka nje, Risper alipiga simu akaweka sauti kubwa.

"Maroa, ni Risper."

"Shemeji. Irine ana nini?"

"Ni mzima. Sikiliza, ile hapana haikuwa hapana. Mtaalamu ametueleza, maneno yanabadilishana…"

Maroa akamkatiza.

"Shemeji, nilimuuliza nikamsikia. Alisema zaidi ya mara tatu."

"Ndivyo ugonjwa ulivyo!"

"Au umechoka kumtunza, unanitafuta nikupokee mzigo? Mimi mtu hatanipenda kwa kulazimishwa na dada yake. Tafadhali."

Simu ikakatika.

"Huyu mtu ni mgumu," Risper akasema. "Turudi nyumbani, nitajaribu tena…"

Irine alikuwa tayari ameshika fimbo. Alinyoosha kidole upande wa stendi.

"Kiatu!"

"Isebania? Leo hii?"

"Kiatu!" Kwa sauti ile ile ya zamani ya kufukuza wateja wavivu. Risper hakubisha.

Walimkuta Maroa gereji, miguu yake tu ikionekana chini ya lori. Irine aligonga buti lake kwa fimbo. Maroa alijitoa chini, akabaki amekaa vumbini.

"Irine? Umekujaje na mguu huo?"

Irine alimtazama dada yake, akamwonyesha lango. Risper akaelewa, akajitenga.

"Sijui nikuulize nini," Maroa alisema. "Naogopa jibu."

Irine aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akangoja. Ilibidi mwanamume asiyejua kuongea aongee.

"Nilizoea useme kwa ajili yetu wawili. Ulipokosa maneno, na mimi nikapotea. Nikaja na swali moja, nikachukua neno moja, nikakimbia. Ningekaa hata dakika kumi, ningeona macho yako. Sikukaa. Nisamehe."

Irine aligusa mkono wake wa kulia uliolegea, akagusa mguu, akagusa mdomo. Akafungua kiganja mbele yake: na hivi vyote je?

"Naviona," Maroa alisema. "Sikudanganyi kwamba sitachoka. Nitachoka. Lakini afadhali kuchoka nikiwa na wewe kuliko kupumzika peke yangu."

Midomo ya Irine ilianza kuhangaika. Maroa alifungua kinywa amsaidie, akajizuia, akangoja. Kiswahili kilikataa. Likaja neno la kwao, la utotoni.

"A… ahe… Aheri."

Maroa alijua Dholuo ya kuombea tu maji na chumvi. Lakini hilo alikuwa amefundishwa na Irine mwenyewe. Nakupenda. Aliinama akaweka paji la uso kwenye magoti ya Irine, mafuta ya gari na yote.

Posa haikuahirishwa. Agosti wazee wa kwao Maroa walifika Rangwe kutoka Ntimaru. Maneno ya Irine hayakuwa yamerudi yote, na Nyaboke hakuwa amewaahidi hivyo. Lakini alikuwa anakula, anacheka, na asubuhi mbili kwa wiki anakaa hotelini kwake kuwasimamia wapishi kwa macho na kidole.

Baba yake mdogo, mzee Willis, aliweka chini kikombe.

"Mtoto wetu hasemi. Nani atatujibu kwa niaba yake?"

Risper alifungua mdomo. Maroa alinyanyua mkono kwa adabu.

"Mzee, kwa heshima. Yupo. Tumngojee."

Wakangoja. Chai ikapoa. Mtu akakohoa, akatazamwa vibaya. Irine alisimama na fimbo yake.

"Mimi…" Akafumba macho, akatafuta, akapata. "Mimi… nataka… huyu."

Vigelegele vikapasua nyumba, lakini alinyanyua mkono. Hakuwa amemaliza. Alimgeukia mzee Willis, ambaye sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Na wewe… kula!"

Mzee akacheka hadi akafuta macho, akavuta samaki karibu, akala.