Maneno Aliyoyabakiza Redio

Nyumbani kwa Redio hakuna aliyeamshwa kwa kuitwa jina. Baba aliwasha na kuzima taa, na kama mwanga haukutosha kumtoa binti kitandani, alikanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino mpaka kitanda kikatetemeka. Hapo hata maiti angeuliza kuna nini. Baba alikuwa kiziwi tangu utotoni, Mama naye vilevile, na mtu pekee aliyesikia humo ndani alikuwa binti yao wa miaka kumi na mitatu. Majirani walimbandika jina la Redio kwa sababu, walisema, ndiyo sauti pekee itokayo nyumba ile, na haina pa kuzimia. Wazazi wake walimwita kwa namna nyingine: waligusa shavu kwa ncha ya kidole, pale anapoingia kishimo akicheka.

Baada ya chai, Mama aliketi kwenye cherehani yake, na Baba na Redio wakashika njia ya shule. Redio alikuwa darasa la saba. Baba alifundisha darasa la wanafunzi viziwi, mwisho wa jengo lile lile. Njiani Redio ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Baba, kazi aliyoianza hata meno ya utoto hayajamtoka. Mikono yake ilikuwa myepesi, na watu walimsifu.

Ila alikuwa na katabia kamoja. Alipunguza na kuongeza. Siku moja mwenye duka alifoka kwamba hana muda wa kuchezeana mikono na bubu, na Redio akamwambia Baba, "Anasema karibu tena." Baba akamshukuru mwenye duka kwa tabasamu pana mpaka yule mtu akaona haya, akawaongezea kiberiti. Redio akaona kumbe mambo ni rahisi hivyo.

Kabla Redio hajazaliwa, Baba alisafiri nchi za mbali kufundisha katika shule za viziwi. Jumamosi alasiri, majirani walioleta nguo kwa Mama walichelewa kuondoka makusudi, ili wasikie habari za safari hizo. Baba alisimulia kwa mikono, Redio akazitia sauti. Aliwaeleza kwamba viziwi wa kila nchi wana lugha yao ya alama, na kwamba wiki yake ya kwanza ugenini alikuwa kiziwi katikati ya viziwi. Aliwaeleza juu ya mji wenye baridi kali, ambako viziwi walivaa glavu nene na mazungumzo yao barabarani yakawa kama ya mtu aliyejaza viazi vya moto mdomoni. Wageni wa huko, alisema, wakiagana hawaachani. Wanatafuta taa ya barabarani, wanasimama chini yake kwa kuwa bila mwanga hawasikiani, na kuaga kwenyewe kunakuwa kurefu kuliko ziara.

Kulikuwa pia na habari ya mbwa aliyemfukuza Baba kwenye theluji. Redio alimgeuza mbwa huyo kuwa dubu. Majirani waliangua kicheko, Baba akashangaa.

"Mbona wanacheka hapo? Hapo hapachekeshi."

"Wamechelewa kuelewa ya kwanza," Redio alimjibu.

Lakini ilikuwapo habari moja ambayo Redio hakuitia chumvi. Katika mji mmoja wa ng'ambo, Baba alipelekwa kwenye ukumbi walimokutana viziwi ambao wamepoteza na macho. Walizungumza kwa kugusana, mkono wa msikilizaji ukiwa juu ya mkono wa msemaji. Mzee mmoja, fundi seremala, alishika mikono ya Baba, akaipapasa, akamtania kwamba ni laini mno, lazima ni ya mwalimu. Baba alicheka naye. Kisha alitoka nje akatembea akitazama kila kitu, matofali, kamba za kuanikia nguo, kuku waliopita, kama mtu anayekusanya vitu vyake kabla ya moto kufika.

"Ukiziwi sikuuogopa hata siku moja," alisema. "Lakini siku ile niliogopa giza."

Redio aliyaweka maneno hayo moyoni, na hayo tu.

Ndipo Baba akaanza kugonga bega kwenye fremu za milango. Alimwaga chai iliyokuwa karibu na kiwiko chake. Mama akamnunia, kisha akamtazama vizuri, kisha akamwambia aende hospitali. Redio aliomba ruhusa shuleni akaenda naye.

Daktari wa macho alikuwa mama mpole mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimpima Baba kwa mashine moja baada ya nyingine, kisha akaanza kueleza huku akiandika. Ni presha ya macho, alisema. Inakula mshipa wa jicho taratibu, ikianzia pembeni, bila maumivu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote, na lazima arudi kupimwa kabla chupa haijaisha.

"Akiacha dawa atakuwa kipofu," daktari alisema. "Mweleze baba yako vizuri, mwanangu."

Redio aliinua mikono. Ilipofika kwenye neno lile, vidole vilikataa. Aliuona ule ukumbi ambao hakuwahi kuingia, akamwona Baba amekaa humo akipapasa mikono ya watu. Baba alikuwa akimkazia macho, akisubiri.

"Macho yamechoka kwa kusahihisha madaftari," Redio alisema kwa mikono. "Weka matone mpaka chupa iishe."

Baba alishusha pumzi, akajifuta paji la uso, akamwinamia daktari kwa shukrani.

"Anasema ameelewa," Redio alisema kwa sauti. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Alijiambia atamweleza baadaye. Baada ya mitihani. Baada ya Mama kumaliza sare za shule alizoagizwa. Chupa ilipoisha, Baba aliitupa kwenye pipa la taka jikoni, nayo ikagonga chini kwa mlio mdogo ambao Redio peke yake aliusikia. Tangu siku hiyo alitembea ubavuni mwa Baba kama askari, akimvuta shati kila baiskeli ilipopita.

Darasani kwa Baba mambo yaliharibika polepole. Viziwi hawaketi kwa mistari, maana anayeona mgongo wa mwenzake hasikii kitu. Wanapanga madawati nusu duara, na mwalimu anawaona wote kwa mara moja. Sasa Baba aliwaona wa katikati tu. Watundu waliokaa pembeni waliligundua hilo upesi, kama watoto wanavyogundua mahali sukari ilipofichwa, wakawa wanarushiana karatasi wakati wa hesabu. Lakini msichana mmoja mwembamba, aliyeitwa Kijiti, hakuwa na utundu. Alikaa mwisho wa nusu duara, upande wa kushoto, na alitaka kusoma. Alimkuta Redio bombani.

"Baba yako hanipendi siku hizi," alisema kwa mikono. "Nanyoosha mkono mpaka kwapa linauma, ananipita kama ukuta."

"Amechoka tu," Redio alimjibu, akafungua bomba mpaka mwisho ili mikono yake ipate kazi nyingine.

Siku ya jaribio la sayansi, darasa la Redio lilichelewa kutoka, na Baba akaenda nyumbani peke yake. Barabara ya sokoni ina mteremko. Mkokoteni uliojaa mabati ulishuka kutoka kushoto. Mwenye mkokoteni alipiga kelele, baadaye alieleza, mpaka watu wa mtaa wa pili wakageuka, ila yule bwana akaendelea kuvuka kama anapita sebuleni kwake. Alidhani ni kiburi.

Redio alimkuta Baba hospitali, mkono wa kulia umevunjika na kufungwa plasta ngumu nyeupe kuanzia vidoleni. Mama alikuwa amesimama ukutani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Baba alijaribu kusema kwa mkono wa kushoto pekee, na maneno yakatoka nusunusu, kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Redio hakuwahi kuona kitu kibaya kama hicho.

Muuguzi aliona ajabu kwamba mtu mwenye macho hakuuona mkokoteni mzima, akamwita daktari wa macho. Yule mama alimpima tena, na safari hii hakuandika akizungumza. Aliweka kalamu chini. Jicho la kushoto limeharibika sana, alisema. Kisha akamgeukia Redio, akauliza taratibu.

"Matone aliacha lini? Na nani alimwambia aache?"

Baba aliinua mkono wake mzima. "Anasema nini?"

Redio angeweza kusema lolote. Hakuna mwingine katika chumba kile aliyejua lugha zote mbili. Daktari angeridhika, Baba angeridhika, na mkokoteni ungebeba lawama zote pamoja na mabati yake. Alitazama plasta ile nyeupe. Alilitafsiri swali lote kama lilivyoulizwa. Kisha akalijibu kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu, kwa hiyo alikwenda polepole.

"Ni mimi. Daktari alisema dawa ni ya maisha yote. Alisema ukiacha utakuwa kipofu. Mimi nilikwambia umechoka."

Neno lile vidole vililisema sasa, na halikuwa refu kuliko maneno mengine.

Baba aligeuza uso ukutani. Mtu anayesikia akikasirika, unaweza kumwomba radhi mgongoni. Kiziwi akikupa mgongo amefunga mlango na ufunguo yuko nao. Redio alilia hapo kwa sauti, na wazazi wake wote wawili hawakusikia. Mama alimshika bega, si kwa kumbembeleza wala kwa kumpiga, akamshikilia hivyo hivyo mpaka dawa mpya ilipoandikwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo nyumba ilikuwa nzito. Mama alimwekea Baba matone asubuhi na jioni, na Redio aliambiwa yale tu yanayohusu sufuria na maji ya kuoga. Siku ya kurudi kupimwa, daktari alikuwa amemwita mkalimani mtu mzima, mwanamke kutoka chama cha viziwi. Alitafsiri kila kitu, hata daktari alipokohoa na kuomba radhi. Redio alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, hana kazi. Presha imeshuka, daktari alisema. Lililopotea limepotea. Lililobaki litabaki, mradi matone hayaachwi.

Plasta ilipotolewa, Baba aligusa shavu lake kwa ncha ya kidole, akimwita binti yake. Redio alikuwa akipepeta mchele. Aliacha ungo, akamfuata dirishani. Baba alifumba macho, akanyoosha mikono, akaiweka juu ya mikono ya binti yake.

"Nieleze alichosema daktari siku ya kwanza. Chote."

Redio alianza. Ilikuwa kazi. Vidole vya Baba vilifuata vyake kila vilipokwenda, na alipokosea Baba alivikamata akavirudisha nyuma. Lilipofika neno la kipofu, Baba alimwambia arudie. Alirudia. Ndipo Baba akafumbua macho.

"Habari ya yule seremala sikuwahi kuimalizia," alisema. "Aliambiwa mapema. Kabla giza halijamfikia alijipangia vifaa vyake, akajifunza kusoma kwa vidole, akawazoeza wajukuu kumsemesha mkononi. Ndiyo maana alikuwa na nafasi ya kunitania mimi. Wewe ulininyima nafasi hiyo."

Redio aliinamisha kichwa. Baba akamwinua kidevu, maana asiyetazama haambiwi.

"Ulinificha kwa kunipenda, najua. Lakini ugonjwa wangu ni wangu. Ukinificha hauondoki, unaingia tu bila kupiga hodi. Na mimi nina kosa langu: nilikubebesha kazi ya mtu mzima kwa sababu mikono yako ni myepesi. Hospitali sasa si kazi yako. Ila popote utakaposimama kati ya watu wawili, peleka maneno yote, matamu na machungu. Asiyeambiwa ukweli hawezi kujikinga."

Wiki hiyo alilipanga upya darasa lake. Nusu duara ilibanwa ikawa nyembamba, Kijiti akaletwa katikati, na aliyetaka kuonekana akapiga mguu sakafuni. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani wanafunzi walifumba macho wakasemeshana mikononi, wakitekenyana na kucheka, na Baba alifumba pamoja nao. Yeye hakuwa akicheza.

Jumamosi majirani walikuja na nguo zao, wakaomba ile ya theluji. Baba alisimulia, Redio akaitia sauti, na mahali pa dubu akasema mbwa. Majirani wakatazamana. Mmoja akauliza ni mbwa gani tena.

"Mbwa," Redio alisema. "Tena mdogo."

Baba aliona nyuso zimepoa. "Mbona leo hawacheki?"

"Wanasema walimpenda zaidi dubu."

"Dubu gani?"

Redio alivuta pumzi, akaweka kando sindano aliyokuwa akimtungia Mama uzi, na akamweleza.