Mashine Isiyo ya Upole

Jua lilikuwa linazama nilipoingia duka la vifaa vilivyotumika kutafuta mashine ya kupolishi. Yangu ilikuwa imeungua mchana, na uani kwangu kulikuwa na gari jeusi lililojaa mikwaruzo, la bosi mmoja asiyejua neno "subiri". Alilitaka asubuhi. Akiridhika, magari yote ya kampuni yake yangekuja kwangu. Asiporidhika, yangekwenda kwa jirani yangu, fundi ambaye ukimpa gari akupolishie anakurudishia ubao wa shule.

Nikitoka nyumbani, mke wangu alikuwa amenionya mlangoni. "Mume wangu, chukua ile ya upole. Usije ukatuchomea rangi ya watu."

Alimaanisha ile inayoyumba huku ikizunguka. Inakwenda taratibu na haiunguzi. Ile inayozunguka palepale hula mikwaruzo upesi, lakini ukizubaa hula na rangi.

Mwenye duka, mwanamke wa maneno machache, aliziweka zote mbili mezani.

"Hii ya upole itanifanya nikeshe," nikasema. "Ile je?"

"Ile ni saa moja tu." Akatazama mlango, kisha akanong'ona. "Ila sponji yake ikizunguka... mtu asijitazame kwenye rangi."

"Kwa nini?"

"Aliyeileta hakutaka kuniuzia. Aliitupa hapo nje, akakimbia."

Nilicheka. Akili za kuambiwa changanya na zako, na mimi zangu nilizijaza kichwa kizima. Nikabeba ile ya pili.

Nikawasha taa ya uani, nikaanza kazi. Mikwaruzo ilifutika kama vumbi. Lakini mashine haikunguruma. Ilivuta pumzi... ikavuta... ikavuta... haikuitoa. Na palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Sasa, sisi tuna namna yetu ya kukagua. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo mke wangu ndiye huinama juu ya boneti hadi pua ikaribie kugusa rangi. Akiweza kuhesabu kope zake, kazi imekwisha. Na mashine sizimi, ili akionyesha doa niliondoe papo hapo.

"Mama, njoo uhesabu."

Mtaniuliza kama nilikumbuka lile onyo. Nilikumbuka. Ndiyo maana sikuinama mimi.

Akainama.

"Moja... mbili... tatu..."

Akajipapasa jicho.

"Mume wangu. Zimekwisha."

Alipoinuka, hakuwa na kope. Hakuwa na nyusi. Paji la uso liling'aa. Mungu anisamehe, kwanza nilicheka.

Kisha nikatazama boneti. Kope zilikuwa mle. Na macho.

Yakapepesa.

Nikazima mashine. Ikaendelea. Nikachomoa waya ukutani.

Haikusimama.

Kila ilipozunguka, kitu kimoja kilifutika usoni pake. Macho yakazibwa na ngozi laini. Pua ikabaki matundu mawili. Halikutoka hata tone la damu. Alinishika shati kwa mikono yote miwili, mdomo ukiwa umebaki tundu la kupitisha kidole.

"Usilitoe gari," akanong'ona. "Mimi nimo mle. Nakuomba, usilito..."

Ngozi ikafunga.

Ndipo mashine ikasimama.

Nilimlaza chumbani. Nikamwapia kwamba gari halitatoka, kwamba nitatafuta mtu wa kulisomea dua, nitang'oa boneti kwa meno ikibidi. Akaitika kwa kichwa. Nampenda yule mwanamke. Nasema hivyo na najua mnavyonifikiria.

Bosi alikuja kukipambazuka. Alilizunguka gari mara mbili, akasimama mbele ya boneti, akajitazama na kurekebisha tai yake. Nyuma ya tai ile, ndani kabisa ya rangi, mke wangu alikuwa amepanua mdomo. Alikuwa akipiga kelele isiyotoka. Bosi hakuona kitu.

"Hii ndiyo kazi!" akasema. "Mengine yako kumi na mawili. Niyalete leo?"

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Bado. Bado halijawa tayari, bosi. Jirani yangu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akisubiri niharibikiwe.

Nikampa ufunguo.

Gari liliporudi kinyumenyume kutoka uani, macho ya mke wangu yalinifuata hadi kona. Nilisimama pale mpaka sauti ya injini ikapotea.

Kisha nikaingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, uso mtupu umeelekea mlangoni. Masikio aliachiwa, gari alikuwa amelisikia likiondoka.

"Limeibwa," nikamwambia. "Walikuwa wengi. Nimeshindwa."

Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Akanyoosha mikono, akapapasa hewani hadi akanipata. Akanivuta kifuani pake, akaanza kunipigapiga mgongoni, polepole, ananifariji.