Redieta ya Chumba cha Nene

Theluji ilipoanza mjini Tabriz, Solmaz alikuwa akiamka, anaweka chai jikoni, kisha anagusa redieta ya ukutani, chuma kinachopitisha maji ya moto ili kupasha nyumba joto. Ilikuwa baridi. Boila ya gesi iliyowekwa jikoni kuchemsha maji hayo ilinguruma kidogo, ikazima.

Mumewe, Yashar, alijiona fundi. Alichukua kifunguo kidogo, akafungua redieta zote ili kutoa hewa iliyonasa ndani. Hewa ilitoka, na maji yakafuata.

"Mwaka jana nilifanya hivihivi ikapona," alisema.

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu ina ukaidi kama wewe."

Kila boila ilipogoma, alitoa hewa tena. Nyumba ikazidi kupoa.

Nene, mama yake Yashar, alihamia kwao baada ya kuvunjika nyonga. Alikaa chumbani kwake na mablanketi mawili, ameegemea redieta isiyo na joto. Vidole vilimfa ganzi, hata Solmaz akawa anamshikia bilauri ya chai.

Jioni moja Heyran, mjane wa ghorofa ya juu, alibisha hodi. Aliwahi kuuza vifaa vya boila, na boila yake aliihudumia mwenyewe.

"Boila yenu inasumbua? Niitazame?"

"Usijisumbue, dada Heyran!" Yashar alicheka. "Joto limetuzidi, tunafungua madirisha. Karibu chai!"

"Asante, siku nyingine."

Ndiyo adabu ya mji ule: msaada hukataliwa kwanza, na chai hukaribishwa hata kama birika ni tupu. Solmaz naye alitabasamu mlangoni, ilhali moyo ukimchoma. Adabu gani hiyo inayomgandisha mzee?

Kesho yake kaka yake Yashar alikuja. Alimshika mama yake mikono iliyoganda. Akakusanya nguo zake, akambeba hadi kwenye gari. Yashar alibaki ngazini na viatu vya Nene mkononi.

Solmaz hakungoja tena. Alipanda juu.

"Dada Heyran, tulikudanganya. Nyumba ni barafu."

"Nilijua. Lakini ningelazimishaje?" Heyran alishuka naye jikoni, akaonyesha saa ndogo ya kupimia presha kwenye boila. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. "Ukitoa hewa, presha ya maji hushuka. Ikishuka sana, boila hukataa kuwaka ili isiungue. Mmekuwa mkiinyima maji."

Yashar, aliyewafuata jikoni, aliinamisha kichwa.

"Kwanza izimeni, ipoe," Heyran aliendelea. "Sasa, Solmaz, ile koki ndogo chini yake. Ifungue polepole. Unasikia maji? Usiondoe macho kwenye mshale."

Mshale ukapanda. Ulipopita moja na kukaribia moja na nusu, Heyran akasema, "Basi! Funga, kaza vizuri. Ukiisahau wazi, presha itazidi na maji yatamwagika. Sasa washa."

Boila ikawaka.

"Kila mkitoa hewa, tazameni mshale, mwongeze maji. Ukishuka tena upesi, kuna mahali panavuja: iteni fundi. Mfuniko wa boila msiufungue. Mambo ya gesi si ya kujaribia."

Baada ya muda redieta zote zilikuwa moto. Yashar akampigia simu mama yake.

"Nene, nyumba ina joto! Nakuja kukuchukua."

Sauti ya mzee ilisikika hadi alipokuwa Solmaz. "Baridi niliivumilia, mwanangu. Nilichoshindwa ni kukusikia mlangoni ukisema joto limetuzidi, na mimi natetemeka chumbani nyuma yako. Nitakaa huku."

Majira yale ya baridi boila haikuzima tena. Solmaz alitazama mshale kila Ijumaa. Chumba cha Nene kilikuwa na joto kuliko vyote, na hakuna aliyelala humo.

Siku moja Heyran alikutana nao ngazini. "Nene hajambo? Atarudi lini?"

Solmaz alimwona mumewe akianza kutabasamu. Kisha tabasamu likakatika.

"Hatarudi, dada Heyran," alisema Yashar. "Kosa ni langu. Ingia ndani, tunywe chai. Ipo kweli."