Kufuma na Kufumua

Siku ya mnada Katesh, mwezi wa saba, upepo ulikuwa ukishuka kutoka Mlima Hanang na baridi yake ikaingia mpaka kwenye mifupa. Ng'ombe walilia, madalali walibishana, vumbi lilipanda likatua kwenye vikombe vya chai. Katikati ya fujo hiyo, kwenye kibaraza cha duka la baba yake, Saumu binti Yahaya alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanga ya pili mabegani, anafuma. Kando yake skafu zilining'inia kwenye kamba, za kaki na za kijani cha jeshini, na moja moja zilikuwa na mstari mwekundu.

Usidhani alikuwa na sufu ya kifahari. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na sufu mpya ilikuwa adimu madukani. Lakini askari waliorudi kutoka Burma walirudi na masweta ya jeshi, na masweta hayo yakichakaa viwiko, wenyewe waliyaachia kwa bei ya kutupa. Saumu aliyafumua, akaufua uzi na kuuning'iniza na jiwe ili unyooke, kisha akaufuma upya kwa spoki mbili za baiskeli alizozisugua mpaka zikachongoka. Hakujua kufuma kitu kingine ila skafu, maana skafu inakwenda moja kwa moja, haina shingo wala mikono. Wengine walimletea masweta yao wenyewe, na desturi yake ilijulikana: mwenye sweta anapata skafu yake, na uzi unaobaki ni ujira wa mfumaji. Ule mstari mwekundu ulitoka kwenye donge moja la sufu mpya alilopewa na shangazi yake, na alilitumia kwa uchoyo.

Siku hiyo kijana mmoja Mdatoga alisimama mbele ya mkeka wake. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka jeusi bega moja, bangili za shaba zinang'aa mkononi, na meno yake yaligongana ingawa alijitahidi yasigongane. Aliinyooshea fimbo skafu yenye mstari.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Saumu alicheka mpaka mishono ikamponyoka. "Nani ni kwa mtu, kaka yangu. Kitu unakiuliza hivi: hii ni nini?"

"Hii ni nini," kijana alirudia, taratibu kama anayeonja chumvi. "Basi nipe hii ni nini moja."

Saumu aliinua macho kuona kama amekosea au anamtania. Macho ya kijana yalikuwa yanacheka. Alimvalisha skafu ile mwenyewe, akaifunga fundo shingoni, na mikono yake ikachelewa kidogo kutoka pale.

Jina lake lilikuwa Gidamis, wa upande wa Masakta, naye alikuja mnadani na ng'ombe wa mama yake. Baada ya hapo alikuja kila mnada, hata asipokuwa na ng'ombe wa kuuza. Alikaa ukingoni mwa kibaraza, akauliza majina ya vitu, akakosea, akasahihishwa. Alimwita Saumu mwalimu. Saumu naye alipenda kusahihisha, tuseme ukweli. Baba yake Mrangi, mama yake marehemu alikuwa Mnyamwezi, na nyumba yao haikuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, kwa hiyo alijiona ndiye mwenye lugha hiyo. Gidamis akisema "ng'ombe yangu" alimkatiza katikati, na Gidamis alitabasamu akaanza sentensi upya. Saumu hakujua tena kama alikuwa anamfundisha au anatafuta sababu tu ya kumtazama mdomo.

Siku moja Gidamis alimuuliza kazi hii anayoifanya inaitwaje. Saumu alikuwa na sweta kuukuu mapajani, anavuta uzi na kuuzungusha kwenye kidonge. "Ninafumua," alisema bila kuinua kichwa. Gidamis alilichukua neno akaliweka akilini.

Mvua zilipokaribia, alikwenda mwenyewe kumwona mzee Yahaya. Alisema shikamoo, akasimama mpaka alipoambiwa akae, akasema anampenda Saumu na angetaka wazee wake waje. Mzee Yahaya hakumfukuza. Alimwambia habari ya dini ni kubwa kuliko habari ya ng'ombe, na kwamba yeye hatasema ndiyo wala hapana mpaka aone watu wa kijana wanamchukuliaje binti yake. Kwa Saumu hilo lilitosha. Tangu siku hiyo alianza kumfikiria sana mama wa Masakta ambaye hajamwona, na namna ya kumpendeza.

Ndipo Gidamis akaja mnadani na sweta la jeshi limekunjwa kwapani. Lilikuwa la kaki, zito, na mkono mmoja ulikuwa umeungua moto, una tundu la kupitisha ngumi. Wanunuzi wa ng'ombe walikuwa wanamwita upande wa pili, kwa hiyo alisema maneno machache.

"Mwalimu, ifumue hii. Ya mama yangu. Ifumue vizuri, anaingoja."

Saumu alilipokea kwa mikono miwili. Hata hakumsahihisha. Usiku ule mzee Yahaya alimkuta anaimba jikoni, sweta limeshageuka vidonge ndani ya kikapu. Alimfumia mama mkwe skafu nzuri kuliko zote alizowahi kufuma, na uzi uliobaki akaufanyia kama desturi yake: alifuma skafu mbili zaidi, moja ikachukuliwa na Joakimu, katekista, nyingine na Nikolausi, dereva wa lori la mahindi.

Mnada uliofuata Gidamis alifika mapema. Saumu alimkabidhi skafu, amevaa kanga yake mpya. Gidamis aliitazama, akaigeuza, akatazama kikapuni na nyuma ya mkeka.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Sema liko wapi," Saumu alimwambia, akitabasamu. "Sweta si mtu."

Gidamis hakurudia. Alikaa chini kwenye vumbi, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akikaa, na kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika akamweleza. Kaka yake mkubwa alikwenda vitani. Alirudi mara moja kwa likizo, akavua sweta lile akamfunika mama yao, akaondoka, na hajarudi wala hana kaburi. Mama hakutaka jina lake litajwe tena nyumbani. Akitaka kumtaja aliweka mkono juu ya sweta akasema: huyu. Kaa la moto liliruka likaunguza mkono, na mama akakataa kula. Gidamis ndiye aliyemwambia yupo msichana Katesh anayejua kuziba tundu.

"Nilikwambia uitengeneze," alisema.

"Uliniambia nilifumue, Gidamis. Kufumua ni kuachanisha. Kutengeneza ni kufuma."

Mara tu maneno hayo yalipomtoka Saumu alitamani kuyameza. Gidamis aliinuka. Aliiweka skafu kwenye mkeka, polepole, akaikunja vizuri isipate vumbi.

"Asante, binti Yahaya," alisema, akaenda zake. Hakumwita mwalimu.

Mnada uliofuata hakuja, wala uliofuata huo. Saumu kwanza alikasirika, maana hasira ni rahisi kubeba kuliko aibu. Alimweleza shangazi yake, Mwanaamina, kwamba yeye hana kosa, neno alilisikia kwa masikio yake, na mtu anayeleta kitu cha thamani hivyo ana wajibu wa kusema sawasawa.

Shangazi alikuwa anapepeta mchele. "Na neno hilo alilipata kwa nani?" aliuliza.

Saumu alikumbuka sweta kuukuu mapajani, na uzi kidoleni, na mwenyewe akisema ninafumua bila kuinua kichwa. Kwa Gidamis hilo ndilo lililokuwa jina la kazi yake yote: kuchukua kitu kilichochakaa na kukirudisha kizima. Aliyemfundisha ni yeye, na hakumaliza somo. Alilia pale pale, na shangazi akamwacha alie.

Joakimu aliposikia habari aliivua skafu shingoni kwake kabla hajaombwa. Nikolausi alikuwa safarini na lori, na aliporudi alikuwa ameshampa skafu mkewe huko Babati. Alicheka sana, akamtania kwamba mapenzi ya siku hizi yanarudisha bidhaa. Lakini safari iliyofuata aliirudisha, naye Saumu akampa nyingine yenye mstari. Zilipotimia zote tatu, alizifumua. Safari hii alifanya akijua anachofanya, akiufunga uzi kila ulipokatika, na hakutupa hata kipande.

Kwa kuwa hakujua kufuma sweta, alifuma kitu kimoja kipana cha kufunika mabega ya mtu mzima. Uzi haukutosha. Ule mkono ulioungua ulikuwa umekwenda na sehemu yake, na kazi ilikoma kabla ya kufika bega la pili. Masweta mengine ya kaki yalikuwepo, rangi ile ile, na asingejua mtu. Saumu alilifikiria hilo siku nzima. Kisha akaona hawezi kumwekea mama yule askari wa mtu mwingine mabegani akamwambia ni mwanawe. Alichukua donge lake la sufu nyekundu, lote, akamalizia nalo.

Mzee Yahaya alipoombwa ruhusa ya kwenda Masakta hakukataa. Alisema aende akaombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, lakini shangazi yake afuatane naye.

Walifika Masakta ng'ombe wakiwa wameshatoka kwenda malishoni. Gidamis aliwaona kwa mbali, akaja kuwapokea, akamwamkia shangazi shikamoo. Kwa Saumu alisema tu, "Karibu, binti Yahaya," akatangulia. Shingoni hakuwa na skafu.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, mwembamba, bangili za shaba zimempanda mkononi hadi karibu na kiwiko. Magoti yake yalikuwa matupu, na viganja vimelala juu yake. Kiswahili hakukijua. Saumu alipiga magoti, akakunjua alichokibeba, akakiweka pale kwenye magoti.

"Mwambie nilikosea mimi," alimwambia Gidamis. "Mwambie wewe hukukosea neno. Mimi ndiye niliyekufundisha nusu."

Gidamis aliyasema kwa lugha yao. Mama aliinua ile kazi akaileta puani, akaishusha. Vidole vyake vilianza upande wa kaki, vikapita juu ya mafundo pale uzi ulipounganishwa, fundo moja baada ya jingine, bila haraka. Vidole vilifika kwenye nyekundu vikasimama. Mama aliuliza kitu, sauti ya chini.

"Mama anauliza," alisema Gidamis, "huyu mwekundu ni nani?"

Sahihisho lilipanda lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi wa Saumu, kwa mazoea. Aliliacha lipite.

"Mwambie ni Saumu."

Gidamis alilitaja jina. Mama akalirudia, akalivuta kidogo mwishoni, akajifunika mabega, na upande mwekundu akauleta mbele, kifuani. Halafu alisogea kwenye ile ngozi, akapiga pale penye nafasi kwa kiganja, akamwambia mwanawe maneno mafupi.

"Mwalimu," alisema Gidamis, "mama anasema ukae. Na anasema wazee watakuja Katesh kuongea na baba yako."

Mambo ya dini na mahari yalikuwa bado mbele yao, na mzee Yahaya hakuwa mtu wa kuharakishwa. Shangazi Mwanaamina alikuwa ameshageuka upande, anajipangusa macho kwa pindo la kanga na kusema vumbi la huku ni baya. Saumu alikaa kwenye ngozi. Ncha ya uzi mwekundu ilikuwa inaning'inia, hakuifunga vizuri kwa haraka ya safari, na mama aliishika, akampa mkononi ili aimalizie.