Hatua za Ulloriaq

Nilitoka kuchonga barafu ya kuyeyusha tupate maji ya kunywa. Jua lilikuwa limeshatuaga kwa msimu mzima, umebaki mwanga mwekundu kidogo tu juu ya bahari iliyoganda. Ndipo nikasikia mtu anatembea nyuma yangu.

Kru... shaaa. Kru... shaaa.

Dubu aliwahi kumng'ata kaka yangu mguu, na tangu siku hiyo akawa anauburuza. Pale kwetu hakuna mwingine aliyetembea hivyo. Nikageuka kwa furaha ya kijinga.

Hapakuwa na mtu.

Kaka yangu Ulloriaq alikuwa amekufa. Yeye na mume wangu, Imina, walikwenda kuwaendeshea sleji, magari ya theluji yanayovutwa na mbwa, Wazungu waliokuwa wakiitafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Imina akarudi peke yake, na bunduki mpya. Akagonga theluji kwenye buti zake kwa mpini wa kisu, tak, tak, tak, kama kawaida yake kabla ya kuingia, kisha akasema, "Barafu ilipasuka. Alizama na sleji yake." Mkuu wa msafara akanipa sindano za kushonea, akanipigapiga begani, meli ikaondoka. Kwao yakawa yamekwisha.

Kwangu hayakuisha. Kila nilipotoka, hatua zilinifuata hadi mlangoni. Kwetu marehemu hana pa kukaa mpaka mtoto apewe jina lake. Husubiri nje, kwenye baridi. Nilikuwa mjamzito, nikawa namnong'oneza huku nalia: vumilia kaka, karibu nitakufungulia.

Imina alinisikia.

"Mpe mtoto jina lingine," alisema.

"Kwa nini? Si shemeji yako yule, mlikuwa mkitaniana mpaka mnakabana?"

"Mpe la baba yangu."

"Jina la baba yako wameshapewa watoto kila nyumba! Kaka yangu yuko nje anaganda."

Akageukia ukutani.

Nilijifungua mtoto wa kiume, nikamwita Ulloriaq. Hatua zikakoma siku hiyohiyo. Mimi nilimwita kaka, kama desturi ilivyo, na Imina alipaswa kumwita mwanawe shemeji. Hakuweza. Alimwita "we" tu. Mtoto mwenyewe hakuwa mliaji. Alimtazama tu baba yake akila. Alimtazama akilala.

Alichelewa kusema. Jioni moja nilikuwa nashona karibu na taa ya mafuta ya sili, Imina akikata kamba ya ngozi.

"Shemeji," mtoto alisema.

Sindano ikanidondoka.

"Shemeji... weka kisu chini. Nakuja. Nivute."

Kisu kilimtoka Imina mkononi. Harufu ya maji ya chumvi ikajaa nyumbani, na taa ikanywea.

"Mbwa wangu walikuwa wanavutwa majini, Ivalu," alinong'ona. "Na mimi nilikuwa navutwa. Nikaikata kamba iliyotuunganisha."

"Alikuwa ameshakufa?"

Aliinama kukiokota kisu, akakiacha.

"Imina! Kaka yangu alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwa ananiita."

Niliitazama ile bunduki ukutani. Aliona ninapotazama.

"Waliahidi moja tu," alisema. "Kwa atakayefika nao nchani."

"Kwa hiyo mbwa walikuwa wanavutwa kweli?"

"Sijui tena, mke wangu. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno."

Alitoka bila bunduki, bila mbwa. Nilimpenda mtu yule, jamani, na sikumzuia. Majirani walifuata nyayo zake barafuni. Walisema ziliishia kwenye maji, na kuanzia katikati zilikuwa za watu wawili, na mmoja alikuwa anaburuza mguu. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu muda wote huo.

Sasa tunakula nyama tunayopewa na majirani, na nina mimba nyingine, aliyoniachia Imina. Kila jioni nasikia mlangoni:

Tak. Tak. Tak.

Haingii.

Jana nilishindwa. Nilishika ngozi ya mlangoni nimwambie avumilie, nitampa jina, siku zangu zimekaribia. Mkono mdogo ukanivuta nguo. Ulikuwa wa baridi, na umelowa.

"Mwache kwanza, dada," mtoto alisema. "Hata mimi nilisimama hapo nje."