Ng'ombe Aitwaye Semina

"Huyu kijana wako ana akili," baba aliniambia kwenye simu. "Nimempenda. Ningejua mapema, hata hiyo mahari tusingeijadili siku tatu."

Nilikuwa zamu ya mchana, nimesimama nje ya wodi ya wazazi pale Bariadi. Baba alikuwa Mwandoya, juu ya kichuguu. Mwaka huo wa 2006 mtandao ulikuwa umefika Mwandoya lakini ulikuwa haujashuka chini, kwa hiyo mwenye simu alipanda. Alikwenda na baba mdogo kukagua ng'ombe wa mahari yangu. Ndivyo tunavyofanya sisi: wakwe wanaingia zizini wenyewe, wanazunguka na fimbo, wanaonyesha huyu na huyu, yule hapana. Tulikubaliana wanane.

Akaniambia wanne ni wa kawaida tu, lakini wanne wengine, jamani, mtu angeweza kuwatazama mpaka jua lizame.

"Halafu wana majina ya ofisini," akasema. "Kuna mweusi anaitwa Semina. Mzee Bujiku, mwenye zizi, akimwita tu, anakuja. Na kuna Likizo."

"Na Ovataimu?" nikauliza, mdomo ukiwa umenitangulia.

"Umejuaje?"

"Selestini alinitajia," nikadanganya, nikimsingizia mchumba wangu.

Nikakata simu, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Wale ng'ombe walikuwa wangu. Mimi Milembe, muuguzi, ndiye niliyewanunua. Likizo nilimnunua kwa posho ya likizo ambayo sikuwahi kwenda. Ovataimu ni zamu za usiku. Malimbikizo ni mshahara uliocheleweshwa ukaja wote kwa mkupuo. Semina, kipenzi changu, ni posho ya semina ya siku tano ambako nilikula chakula cha bure na kulala kwa shangazi. Niliwaweka kwa Mzee Bujiku, niliyekuwa nimemuuguza mkewe, nikamwapisha asimwambie mtu. Binti ambaye hajaolewa akijulikana ana ng'ombe, ni ng'ombe wa baba yake. Na hawa walikuwa ada. Nilishapata nafasi ya kusomea uganga wa hospitali Mwanza, chuo kinafunguliwa Septemba.

Sasa nilikuwa naolewa kwa ng'ombe wangu mwenyewe.

Naomba nimseme Selestini kidogo, maana anastahili. Alikuwa karani wa kampuni moja binafsi ya kununua pamba, na ubahili wake ulijulikana mpaka sokoni. Hakuwahi kunipigia simu. Alikuwa anabipu. Bipu moja ni nimefika, mbili ni nakupenda, tatu ni nipigie wewe. Nilipotaka kwenda Mwanza kukiona hicho chuo, alinipandisha juu ya lori la pamba la kampuni yake, bure, na mfuko wa michembe ya mama yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama chakula cha safari. Tulishuka getini na pamba kichwani, mlinzi akatuuliza tunauza kilo ngapi. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Lakini ndani ya chuo kile alisoma kila tangazo ukutani, akaniandikia masomo yote kwenye kiganja kwa sababu daftari ni hela. Wanaume wengine walikuwa wananiuliza nitasoma mpaka lini. Huyu aliniuliza nitaanza lini. Nilimpenda, na ubahili wake nikaubeba.

Kosa letu lilikuwa moja. Aliniambia ana ng'ombe kwa mzee fulani huko Meatu, wilaya yenye Mwandoya, nami sikumuuliza ni mzee gani, nikiogopa naye asiniulize yangu.

Nikamwandikia meseji hukohuko Mwandoya alikokuwa na wakwe: *Semina, Likizo, Ovataimu na Malimbikizo ni WANGU. Ni ada yangu. Baba asijue. Fanya kitu.*

Akajibu. Bipu tatu.

Hata siku hiyo. Nikampigia kwa salio langu la mwisho.

"Milembe, mimi nilidhani Mzee Bujiku ananipamba tu," alisema, anahema kama aliyekipanda kichuguu mbio. "Mimi ninao watano. Nilimwomba Bujiku aniongezee watatu nitamlipa pamba ikiuzwa. Akaniambia usijali, kijana, wapo."

Kumbe Mzee Bujiku, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amepiga hesabu zake. Karani ni wa Bariadi, muuguzi ni wa Bariadi, wanaoana. Basi zizi lao ni moja. Akawatoa wote tisa pamoja, na siri yangu akaitunza kama nilivyomwapisha.

"Nikisema ni wako, baba yako atawachukua," Selestini akasema. "Nikinyamaza, atawachukua."

"Ndiyo."

"Wameshafungwa kamba."

Nikaanza kulia palepale kwenye benchi. Akaniambia nisubiri. Hakukata simu. Nilimsikia anashuka hatua mbili tu, mawimbi yanakwaruza, halafu sauti yake ikawa mbali kidogo.

"Baba, naomba radhi. Wale wanne si wangu."

"Ni wa nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba.

"Siwezi kumtaja."

"Umenionyesha ng'ombe wa wizi?"

"Hapana, baba. Mimi ninao watano, na mmoja anachechemea. Niliona aibu kusema."

Salio likaisha hapo.

Jioni baba mdogo alinitumia meseji aliyoamriwa, herufi kubwa tupu: *POSA IMEKUFA. MTU WA NG'OMBE WA KUAZIMA HAOI KWANGU.*

Usiku ule niliwaza sana. Ada yangu ilikuwa salama. Ningeweza kukaa kimya, Septemba nikaenda zangu Mwanza. Lakini kuna mtu alikuwa amejivua nguo mbele ya wakwe zake kwa ajili yangu, na huyo mtu hajawahi kutoa hata shilingi bila kuiaga. Ningemwacha vipi?

Jumapili mimi na Selestini tulipanda basi kwenda Lalago, nyumbani kwetu. Alilipa nauli zote mbili. Baba hakuitika salamu yake, akamwacha amesimama uani. Mama, Nyanjige wa watu, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuinua uso.

Nikapiga magoti, nikasema kabla sijapoteza ujasiri.

"Baba, wale ng'ombe wanne ni wangu. Niliwanunua kwa mshahara wangu. Selestini hakujua. Alipojua, akachagua kuaibika ili nisome. Ulisema mwenye wale ng'ombe ana akili. Ni mimi."

Baba alisimama. Nilidhani atanipiga. Aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Binti yuko kwangu, hajaolewa. Ng'ombe wake ni wa nani?"

Hakungoja jibu.

"Kesho nakwenda Mwandoya kuwachukua. Ikisikika mwanamke wa nyumba hii anaficha ng'ombe, mimi Mayige, nitaongea nini mbele ya watu?"

Hapo mama akaweka ungo chini.

"Baba Milembe," akasema, "na mimi ninao. Wako kwa kaka yangu."

Baba akamgeukia kama anayeonyeshwa mtu mgeni.

"Tangu lini?"

"Tangu huyu yuko darasa la pili. Uliponiambia sekondari yake imesamehewa ada, nikakuacha uamini hivyo. Mwalimu gani anasamehe ada miaka minne? Niliuza madume mawili. Ukienda kuwachukua wa Milembe, pitia na kwa kaka uwachukue wangu, kisha uwaambie watu umeishi na mimi miaka ishirini na tano bila kujua."

Baba akakaa kwenye kigoda. Nilimwonea huruma, maana alikuwa mtu anayejua kila ng'ombe wa Lalago kwa rangi na ukoo wake. Selestini pale uani alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mwisho baba akauliza kwa sauti ndogo:

"Wamezaa?"

"Wako saba sasa," mama akasema. "Na mmoja ana mimba."

Baba akatikisa kichwa. Niliona mdomo wake unapigana na cheko, na mdomo ukashindwa. Safari ya Mwandoya hakuitaja tena, akageukia uani.

"Wewe wa watano," akamwita Selestini, "ingia ndani ukae. Huyo anayechechemea tutamtazama."