Hakurudi kwa Chai

Hebu fumba macho kidogo, ulione jiko hili. Ni jiko dogo la ghorofa ya pili, kule New Hope, pembeni mwa Minneapolis, mwezi wa Februari mwaka 2004. Nje theluji inafika magotini. Bahari iliyo karibu ni mwendo wa siku mbili kwa gari. Na katikati ya sakafu, iliyopigwa deki asubuhi hiyohiyo, ipo alama moja ya kiatu cha mwanamke. Imejaa maji, na ndani ya maji mna mchanga na uzi mmoja wa mwani.

Ni alama moja tu. Hakuna nyingine mbele yake wala nyuma yake.

Avelina aliitazama, akasonya. Alidhani ni Philister, mwenzake wa nyumba, aliyepita na viatu. Alichukua tambara, akapangusa, akarudi mezani. Ilikuwa Jumatano mchana, naye alitakiwa kukabidhi tasnifu yake Ijumaa saa kumi jioni. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara tatu, na barua ya mwisho ilisema hapatakuwa na mara ya nne. Miaka saba ya masomo ilikuwa inaning'inia kwenye sura moja iliyobaki.

Tasnifu yenyewe ilihusu mji wa Marlsea, mji mdogo wa mapumziko kwenye pwani ya Uingereza. Avelina, mtoto wa Bukoba, aliujua mji ule kuliko watu waliozaliwa humo. Alijua ulivyoanza kama vibanda vya wavuvi wa dagaa. Alijua jinsi madaktari walivyowaambia matajiri kwamba maji ya chumvi yanaponya, hata wakawa wanayanywa kwa vikombe. Kisha ikaja reli, na nyuma ya reli wakaja wafanyakazi wa viwanda, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na likizo yake ya wiki moja. Gati refu likajengwa kuingia baharini, na nyumba za kulala wageni zikapangana ufukweni kama meno.

"Umetoka Afrika, umevuka bahari zote hizo, kuja kusoma vile Wazungu walikuwa wanaenda kuogelea," Philister alizoea kumtania. "Aki wewe, Avelina!"

Philister alikuwa Mkenya, akihudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jioni ile alirudi kazini, akavua viatu mlangoni, akasimama akinusa.

"Kwani umepika samaki?"

"Sijapika chochote. Nina sura ya kumaliza."

"Basi ni nini inanuka hivi? Ni kama sweta imelowa, ikaachwa ndani ya gari wiki mzima."

Avelina aliinua kichwa. Ni kweli. Harufu ilikuwepo: chumvi, mwani, na sufu iliyolowa. Ndipo akakumbuka hodi.

Asubuhi ya siku ile, saa nne, alikuwa akilisoma daftari la wageni la nyumba moja ya Marlsea. Familia moja ya Saint Paul, mji jirani, ilikuwa imemwazimisha, maana bibi wa bibi yao ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Ukurasa wa kwanza ulibeba masharti, naye aliyasoma kwa sauti ili yamkae kichwani: *Wageni wote watoke saa nne asubuhi. Mlango utafungwa. Mtu asirudi kabla ya chai ya saa kumi na moja, iwe jua, iwe mvua.* Hakuwa amefunga mdomo mlango ulipogongwa, taratibu, mara tatu. Na Avelina, bila kuinua macho, alijibu kama alivyolelewa kujibu.

"Karibu! Mlango uko wazi!"

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Baridi ikampita miguuni. Hakuona mtu.

"Ukasema karibu bila kuuliza ni nani?" Philister alinong'ona aliposimuliwa. "Hii ni America, mama. Huku watu wanachungulia kwa katundu ka mlangoni kwanza."

"Kwetu mtu akibisha hodi unamkaribisha. Utamwulizaje mgeni jina akiwa nje kwenye baridi?"

Alichapisha sura yake usiku ule, akaiacha mezani. Asubuhi kurasa zote zilikuwa kavu isipokuwa sentensi moja. Ilikuwa ndiyo sentensi kuu, aliyoitetea miaka saba: *Mji wa Marlsea ulikuzwa na ukarimu wa wenye nyumba zake.* Wino wake ulikuwa umetiririka hadi chini ya karatasi. Alichapisha tena. Akageuka kuchukua kikombe, akarudi, sentensi imelowa. Mara ya tano alipiga ngumi printa, akalia kwa hasira.

"Unataka nini?" aliuliza chumba kitupu. "Niache nimalize kazi yangu, kisha unitishe unavyotaka!"

Saa kumi na moja kamili jioni ile birika la umeme lilijiwasha, na Avelina, aliyekuwa amekaa peke yake, alisikia kiti cha pili kikivutwa polepole kwenye sakafu, kisha pumzi ya mtu aliyepanda ngazi akiwa amechoka, kisha matone, moja baada ya jingine, kama nguo nzito inayochuruzika, na kadiri alivyojilazimisha asitazame ndivyo macho yalivyozidi kuvutwa kule, hata akaona kitambaa cha meza kikilowa mbele ya kile kiti, viduara viwili vidogo, mahali ambapo mtu angeweka viwiko akisubiri kumiminiwa chai.

Philister ndiye aliyempigia simu Nasibu, kijana wa Tanga aliyeendesha basi dogo la uwanja wa ndege. Babu yake alikuwa mganga, ingawa yeye mwenyewe alisomea uhasibu. Alifika na ubani ndani ya mfuko wa duka, akauwasha kwenye sufuria. Kabla hajamaliza kusoma aya ya kwanza, king'ora cha moshi kilianza kulia jengo zima. Majirani wakatoka na makoti juu ya nguo za kulalia. Meneja akapanda kugomba. Nasibu alisimama kwenye korido, ubani wake ukiwa umezimwa kwa maji ya bomba.

"Dada Avelina," alisema kwa sauti ya chini, "hebu niambie kitu kimoja. Aliingia mwenyewe, au alifunguliwa?"

"Nilimwambia karibu."

Nasibu alikunja mfuko wake. "Basi sina dawa. Anayevamia hufukuzwa. Huyu ni mgeni wako. Nikimfukuza mgeni uliyemkaribisha, lawama inarudi kwako."

"Sasa nifanye nini? Kesho saa kumi!"

"Mfanyie mgeni kama mnavyowafanyia wageni kwenu," alisema, akashuka haraka, maana abiria walikuwa wakimsubiri.

Ijumaa asubuhi theluji mpya ilikuwa imeanguka. Gari la kusafisha maegesho lilikuwa limesukuma ukuta mzima wa theluji nyuma ya gari la Avelina. Philister alikuwa ameondoka alfajiri kwa gari la mwenzake. Sentensi ilikuwa imelowa kwa mara ya kumi na mbili. Avelina alikaa chini, akalivuta lile daftari bila kujua anatafuta nini, na safari hii akasoma majina yote, mstari kwa mstari.

Agosti 1911. *Bi. Lois Harker, mfumaji kiwandani. Amefika Jumatatu.* Safu ya kuondoka ilikuwa tupu. Pembeni, kwa mwandiko safi wa mwenye nyumba, paliandikwa: *Alitolewa saa nne kama kawaida, dhoruba ikivuma. Aligonga mara tatu. Masharti ni masharti. Hakurudi kwa chai. Chumba kimepangishwa tena.*

Avelina alisoma mara mbili. Hasira yake haikupungua. Ilibadilika tu mwelekeo. Kwa miaka saba alikuwa ameandika juu ya ukarimu, na daftari hili lilikuwa mezani pake mwezi mzima.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba. Aliinuka, akachukua sepeto la theluji lililokuwa nyuma ya mlango, akaliegemeza kwenye kile kiti chenye maji.

"Bi. Lois," alisema, "hapa hufukuzwi. Lakini kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tatu. Jembe sina. Chukua hili, unifukulie gari. Na mimi nitaandika."

Aligeuka akaelekea kwenye kompyuta. Nyuma yake sepeto liliburuzwa. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Muda mfupi baadaye akasikia kutoka chini *kwaruu, kwaruu*, bila kupumzika. Hakuthubutu kwenda dirishani. Aliifuta ile sentensi ya miaka saba, akaandika nyingine: *Mji wa Marlsea ulikuzwa na watu waliokuja na likizo ya wiki moja, na ambao kila asubuhi walifungiwa mlango.* Chini yake akaandika jina la Lois Harker na siku aliyogonga. Akachapisha. Akasubiri. Karatasi ikabaki kavu.

Aliposhuka, gari lilikuwa limefukuliwa, safi, na lami ikionekana pande zote. Mistari ya chumvi ilizunguka magurudumu. Alidhani ni ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, mpaka alipoona ndani yake mchanga, na gamba dogo la chaza.

Alikabidhi tasnifu saa kumi kasoro dakika sita. Ilipokelewa. Jioni ile Philister alimkumbatia, wakacheka, wakala wali na kuku. Halafu Philister akaweka kijiko chini.

"Avelina. Ulimpa kazi?"

"Nilimpa sepeto. Mgeni akipewa jembe huwa anaaga."

"Anaaga akitaka. Na kama hataki? Mtu akishaanza kulima kwako, huyo si mgeni tena. Huyo ni wa nyumbani."

Birika likajiwasha. Ilikuwa saa kumi na moja.

Vuli ile walihamia Crystal, kitongoji cha jirani, kwenye nyumba yenye mlango wake wenyewe. Sepeto waliliachia wapangaji wapya wa New Hope, kwa makusudi. Theluji ya kwanza ilianguka Novemba, na asubuhi Avelina alifungua mlango akijiandaa kuzama hadi magotini. Njia yote, kutoka ngazini hadi barabarani, ilikuwa imefagiliwa. Kando ya mlango liliegemea sepeto lao la zamani, likidondosha maji ya chumvi. Na kwenye ngazi ya juu palikuwa na alama za viatu vya mwanamke.

Safari hii zilikuwa mbili, nazo zilielekea ndani.

Sasa fumbua macho. Ukarimu usiuache, ni kitu chema, na nyumba isiyo na wageni hupooza. Ila nakuomba ukumbuke hili moja tu: hodi ikipigwa, kabla hujasema karibu, uliza kwanza kwa upole ni nani.